Uzi wa Puani

Watu wa Kidzumbani wakitaka kunitukana huniita Pua. Zamani lilikuwa jina la heshima. Nikipita sokoni na sare yangu ya kiwanda, akina mama wauza samaki walinivuta mkono: "Pua, hebu ninusie hawa changu, wa leo au wa jana?" Nami nilinusa, nikasema kweli, na mwenye samaki wa jana akaninunia mpaka Ijumaa. Siku hizi hakuna anayeniuliza kitu. Na hata angeuliza, sina cha kumjibu.

Naitwa Nimwaka Rashidi. Kwa miaka sita nilikuwa mnusaji wa banda la pili, na nimeambiwa nieleze yaliyotokea kwa mpangilio, bila kujitetea. Kujitetea nilijaribu siku thelathini na nane. Kumenichosha.

Siku yenyewe ilikuwa mwezi kumi na tisa Ramadhani. Niliingia zamu ya alasiri, nikamkuta Mzee Mwachirima ameshakaa kwenye kiti chake upande wa chini wa banda, viatu amevua, tasbihi mkononi.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mke wangu. Umekuja mikono mitupu?"

Huo ulikuwa utani wetu. Yeye na babu yangu mzaa mama waliingia jando siku moja, kwa hiyo mimi nilikuwa mjukuu wake, na kwetu mjukuu wa kike ni mke wa babu yake, atake asitake. Nilitoa mfukoni vipira viwili vya pamba nilivyovichovya kwenye mafuta ya karafuu, nikampa. Akavitia puani, kimoja kimoja, kwa utaratibu wa mtu anayevaa viatu vya Idd.

"Sasa nimefunga kweli," alisema, sauti imebana.

Mtu asiyejua kazi yetu ataona huu ni wazimu. Mnusaji anaziba pua! Lakini pua zetu hazikuwa kama za watu. Mvuke wa chumvi ndani ya banda lile ulikula kila kifaa walichokileta. Kilichodumu kuliko vyote kilimaliza siku tisa, kikafa kwa kutu. Nyama hai hailiwi na kutu. Hujifanyia upya kila siku. Ndipo madaktari wa kiwanda wakatupandikiza puani nyama iliyokuzwa kutokana na panya buku, wale wanaonusa mabomu ya ardhini, wakaishikiza kwenye mfupa kwa uzi mwembamba kuliko unywele. Uzi huo uliwekewa kumbukumbu. Kila ulichonusa ulikiandika, kwa kipimo na dakika yake, ukakihifadhi siku arobaini, kisha ukajisafisha. Sheria ikasema kila banda liwe na pua mbili, na kila pua iwe na taa yake na swichi yake ya kukata umeme, na kwamba uzi ni sehemu ya mwili wa mtu. Haufunguliwi bila ridhaa yake.

Sasa mchukue mtu mwenye pua ya panya buku, umfungishe Ramadhani, kisha nje ya geti la nne upange kina mama wanaopika futari. Mimi nikinusa kaimati nilihisi shira ikiniteremka kooni. Mzee alikwenda kwa sheikh kuuliza kama saumu yake inasihi. Sheikh akamwambia harufu ya chakula haifunguzi. Mzee akarudi hajaridhika.

"Sheikh ana pua ya kawaida," alisema. "Hajui anachokizungumzia."

Basi tangu mwezi tatu tukawa na mpango wetu. Yeye alijiziba kuanzia alasiri mpaka adhana ya magharibi, mimi nikanusa kwa niaba ya wawili. Pamba nilizikunja mimi. Mafuta ya karafuu nilinunua mimi. Nalisema hili mapema ili lisije kusemwa na mwingine.

Nilipanda kwenye kiti changu upande wa juu. Chini yangu vilikuwa vyungu ishirini na vinne, kila kimoja na kifuniko chake cha chuma, vikiunguruma. Mchanga mweusi wa mashamba yetu ulisafishwa kule mbele mpaka ukawa unga mweupe, unga ukakandamizwa ukawa vidonge ambavyo wapishi, yaani wahudumu wa vyungu, waliviita vitumbua, na vitumbua hivyo vikaning'inizwa ndani ya chumvi iliyoyeyushwa kwa joto la digrii mia tisa. Kisha umeme. Umeme uliivuta oksijeni kutoka kwenye kitumbua, ukaipeleka kwenye vijiti vya kaboni, ikatoka kama hewa ya makaa. Kilichobaki kwenye ndoano kilikuwa titani: kijivu, chenye vitundu vitundu, chepesi mkononi. Ndiyo iliyotengenezea mbavu za vyombo vya angani. Kule juu watu wanakaa ndani ya mashamba ya bibi zetu na hawajui.

Kazi hiyo ilitaka volti tatu. Ukiongeza kidogo vitumbua viliiva haraka, lakini chumvi yenyewe nayo ilianza kuvunjika, na chumvi ile ikivunjika inatoa klorini. Volti tatu zilikuwa na harufu ya makaa na vumbi. Tatu na nusu zilikuwa na kitu kikali ndani yake, kama ndoo ya maji yaliyozidishiwa dawa. Tangu Shaaban nilikuwa naisikia harufu hiyo karibu kila siku. Mashine za kiwanda ziliandika tatu kamili. Zingeandika nini kingine, na walioziwekea cha kuandika ni wao?

Mara mbili nilikata umeme. Na kukata umeme si kuzima taa. Chumvi ile haikai majimaji bila umeme. Katika nusu saa inaganda, chungu kinapasuka, vitumbua vilivyomo vinakuwa si unga tena wala si chuma. Mara ya kwanza vilipasuka vyungu sita, wapishi thelathini wakarudishwa nyumbani. Mara ya pili vilipasuka tisa. Wiki ile mama yangu alisimama kisimani akapishwa na watu wote, si kwa heshima bali hakuna aliyetaka kusimama karibu naye. Mtu mmoja niliyesoma naye alinifuata njiani akaniuliza kwa upole kabisa, "Nimwaka, sisi tumekukosea nini?"

Kwa hiyo siku ile, saa kumi na moja na dakika ishirini jioni, nilipoinusa klorini kutoka chungu namba kumi na nne, sikukata.

Ilikuwa kidogo. Nilijiambia ni kidogo. Chungu hicho kilikuwa kinakaribia kuiva, kingetolewa baada ya robo saa, na kikitolewa uvujaji utakoma. Nikatazama taa ya Mzee kule chini. Ilikuwa kijani. Nikajiambia, mbona Mzee hajakata? Mzee ana miaka kumi na tano ya kazi hii, angekuwa ameona hatari angekata.

Nilijua ana pamba. Mimi ndiye niliyemkunjia. Lakini niliitazama ile taa ya kijani dakika kumi na moja nzima, nikaikubali kama ushahidi, kwa sababu nilitaka kuikubali.

Nilichopaswa kukijua ni kwamba bomba la kutolea hewa la chungu kile lilikuwa limeziba. Mvuke wa chumvi hupoa ndani ya bomba ukajenga ukoko, na ukoko ule ulikuwa umeikamata klorini yote nyuma yake. Nilichokuwa nanusa ni kilichopenya ufa tu. Dakika ya kumi na moja ukoko ukaachia. Ulitoka mlio kama wa mlango unaopigwa na upepo. Hewa ya kijani-njano ikamwagika kutoka kwenye mdomo wa bomba upande wa chini wa banda, na kwa kuwa klorini ni nzito kuliko hewa, ikaufuata mteremko, ikapita geti la nne, ikatua kwenye shimo la machimbo ya zamani ambamo kina mama walikuwa wamepanga meza zao.

Hapo ndipo nilipokata. King'ora kikalia. Watu wote wa juu wakakimbia.

Walikufa watatu. Mzee Mwachirima, pale pale kitini kwake. Kahindi, mlinzi wa geti. Na Mejumaa, aliyekuwa akiuza mkate wa ufuta, na ambaye kila jioni aliniwekea mmoja ndani ya kitambaa bila kuuliza kama nautaka.

*

Injinia Kombo wa kiwanda alikuja kwetu siku ya ishirini na mbili baada ya tukio, saa tatu asubuhi, na boksi la tende kwapani. Alivua viatu mlangoni. Alimwamkia mama yangu vizuri, akamuulizia miguu. Simchukii kwa adabu zake. Alikuwa na adabu za kweli, na huo ndio uchungu wenyewe.

"Familia ya Mzee imeridhia uzi wake ufunguliwe," aliniambia mama alipotoka. "Umefunguliwa juzi."

"Mmekuta nini?"

"Karafuu. Kuanzia saa kumi kasoro, karafuu tupu mpaka mwisho. Mnusaji wetu alikuwa ameziba pua kazini, Bi Nimwaka. Siku kumi na saba kiwanda hakijui."

"Kiwanda kilijua volti ngapi zinapita kwenye vyungu?"

Alitazama mikono yake. "Mashine zinasema tatu."

"Wewe unasema ngapi?"

"Mimi nasema kuna watu mia tisa wanaokula kutokana na mabanda yale. Tume inayochunguza ajali ikisema kosa ni la mtu mmoja aliyekwisha kufa, mabanda yanafunguliwa wiki ijayo. Ikisema kosa ni la umeme, watafunga kila kitu, wachunguze mwaka mzima. Mashambani mwenu mlihamishwa. Hamna pa kulima. Mtakula mchanga?"

Alikuwa anasema jambo ambalo nami nilikuwa nimelisema peke yangu kitandani.

"Sikuombi useme uongo," aliendelea. "Utaulizwa kama Mzee alikuwa na desturi ya kuziba pua. Alikuwa nayo. Sema ndiyo, ukae. Tume inakaa siku ya thelathini na tisa. Siku ya pili yake uzi wako wewe unajisafisha, na mambo yote yatakuwa yamekwisha."

"Kwa nini umeutaja uzi wangu?"

"Kwa sababu chungu hakianzi kuvuja na bomba likaachia dakika ile ile. Kulikuwa na muda hapo katikati. Sijui ni muda gani. Sitaki kujua." Alisimama, akavaa viatu vyake taratibu. "Je, wewe unataka Bi Mwanasiti aujue?"

Bi Mwanasiti ni mama yake Mejumaa. Alipokwisha kuondoka, mama yangu aliingia akazifungua zile tende, akaonja moja, akasema ni nzuri. Nilikaa kwenye mkeka mpaka adhuhuri. Nilikuwa nimeelewa vizuri. Karafuu za Mzee hazikuonyesha klorini yoyote, na mashine zilionyesha volti tatu. Mahali pekee duniani palipoandikwa jinsi klorini ilivyopanda, kipimo kwa kipimo, dakika kwa dakika, kwa namna ambayo volti tatu haziwezi kuitoa kamwe, ni ndani ya pua yangu. Na karatasi hiyo hiyo ilikuwa na jina langu juu yake. Nisingeweza kuonyesha nusu.

*

Idd ilikuwa imeshapita bila ngoma. Habari ya karafuu ilikuwa imeshaenezwa, sijui na nani, ingawa nahisi. Siku ya thelathini na tano nyumbani kwa Mzee Mwachirima palisomwa khitma, wakaitanguliza arobaini kwa sababu mtoto wake alikuwa anarudi kazini Lamu. Nilikwenda.

Mikeka ilikuwa imetandikwa kuanzia barazani mpaka kwenye mti wa mkungu, na juu yake walikaa watu saba. Mwalimu wa madrasa, mtoto, ndugu wawili wa marehemu, na majirani watatu waliokaa ukingoni wakiwa na haraka. Masufuria mawili makubwa ya pilau yalikuwa jikoni, vifuniko vimewekewa makaa, yamejaa.

Mjane wake, Bi Nimzungu, aliniletea sahani iliyorundikwa.

"Kula, mke mwenzangu," alisema. Ndivyo alivyoniita siku zote, kwa ule utani wa mumewe. "Kula sana. Wali mwingi, wenyewe hawakuja."

Nilifinyanga tonge, nikalirudisha kwenye sahani.

"Wanasema aliua watu kwa kujifanya mcha Mungu," alisema. Hakuwa analia, alikuwa anapanga sahani ambazo hazikutumika. "Asubuhi nilikuta wametupia pamba mlangoni. Fungu zima la pamba. Hebu niambie wewe, mlikuwa naye. Ni kweli? Ni yeye?"

Nilipaswa kumjibu pale pale. Nilisema nitampelekea mama pilau kidogo, akanifungia kwenye jani, nikaondoka.

Na kama hilo halikutosha, nilipofika nyumbani nilimkuta Bi Mwanasiti ananisubiri kwenye kiti cha barazani, fimbo yake imeegemea ukuta, mkate wa ufuta mapajani umefungwa kitambaa kile kile cha Mejumaa.

"Nimeuoka mwenyewe," alisema. "Hauwi kama wake. Lakini yeye alikuwa anakuwekea, nami sitaki desturi yake ife."

"Mama, usijisumbue."

"Sijisumbui. Wewe ndiye uliyekata ule umeme. Wanasema usingekata wangekufa hamsini." Alinishika mkono akaubusu kabla sijauvuta. "Yule mzee Mungu amlipe anachostahili. Wewe Mungu akupe maisha."

Nilikula mkate ule mbele yake, wote, kwa sababu alikuwa ananitazama. Nilikuwa naweza kunusa kila kitu ndani yake: unga, tui, ufuta, sabuni ya mikono yake. Sijawahi kuona chakula kizuri kikawa kigumu namna ile. Nilijichukia, na bado nilimwambia ahsante.

*

Tume ilikaa kwenye ukumbi wa shule ya msingi. Mwenyekiti alikuwa Bi Nasieku, mwanamke mfupi mwenye miwani ya kamba, aliyetoka Nairobi na aliyekuwa akiandika kila kitu kwa kalamu ingawa mashine zilikuwa zikirekodi. Mstari wa mbele walikaa wa kiwanda. Nyuma yao, watu wetu. Bi Nimzungu alikaa peke yake kwenye benchi la watu watano.

"Bi Nimwaka Rashidi," alisema mwenyekiti. "Je, marehemu Mwachirima alikuwa na desturi ya kuziba pua akiwa kazini?"

"Ndiyo, mheshimiwa."

Ulisikika mnong'ono ukumbini. Injinia Kombo alifumba macho kama mtu aliyetua mzigo.

"Ahsante. Unaweza kukaa."

Sikukaa.

"Pamba nilimkunjia mimi," nilisema. "Kila siku. Na siku ile aliziba kwa sababu aliiamini pua yangu. Mheshimiwa, naomba uzi wangu ufunguliwe. Leo. Kesho utakuwa umejisafisha."

Mwanasheria wa kiwanda alisimama haraka. Alisema shahidi ana huzuni, hajui anachokiomba. Alisema uzi ukitolewa hauwezi kurudishwa. Nyama yote itang'oka nao, na shahidi hatanusa tena kitu chochote maishani mwake. Alisema kwa moyo wa huruma kabisa.

"Unalijua hilo?" mwenyekiti aliniuliza.

"Nalijua."

"Na kwa nini unaomba?"

"Kwa sababu mmeuliza aliyekuwa ameziba pua alinusa nini. Hamjamuuliza aliyekuwa hajaziba."

Walinipeleka kwenye darasa la jirani. Daktari wa tume alinilaza juu ya meza ya mwalimu, chini ya ubao wenye hesabu za kugawanya. Harufu yangu ya mwisho duniani ilikuwa spiriti. Nilikuwa nimepanga kutafuta kitu kizuri zaidi cha kunusa mwisho, lakini mambo yalikwenda haraka.

Asubuhi ya siku ya arobaini, uzi ulisomwa. Alisoma karani, kijana mwenye sauti ya habari za redioni, bila kujua anasoma nini.

"Saa kumi na moja na dakika kumi na tisa. Makaa. Vumbi. Mkate wa ufuta, umeungua upande mmoja. Saa kumi na moja na ishirini. Makaa. Klorini, sehemu moja katika milioni. Na ishirini na moja. Klorini, sehemu mbili. Na ishirini na mbili. Klorini, sehemu mbili. Na ishirini na tatu. Klorini, sehemu nne."

Alisoma hivyo mpaka thelathini na moja. Nilikuwa nimeinamisha kichwa nikitazama sisimizi kwenye sakafu, lakini masikio nilishindwa kuyaziba. Kwenye "thelathini na moja, kiasi kimezidi kipimo" alitua, akageuza karatasi, akasema, "Saa kumi na moja na thelathini na moja. Umeme umekatwa."

Mtaalamu wa tume alisimama akaeleza kwa nini kupanda kule kwa klorini hakuwezekani chini ya volti tatu na robo. Aliandika ubaoni. Aliulizwa na mwanasheria maswali ishirini, akayajibu yote. Baada ya swala ya adhuhuri mwenyekiti alisoma uamuzi wa awali: mabanda yote matatu yafungwe mpaka mashine mpya zisizo za kiwanda zifungwe kwenye vyungu, volti zisizidi tatu katika kiwanda chochote cha nchi, marehemu Mwachirima asitajwe kuwa chanzo. Na mimi, nisifanye tena kazi yoyote yenye dhamana ya uhai wa watu, na jalada langu lipelekwe kwa mwendesha mashtaka.

Watu walitoka ukumbini wakiwa hawana kazi. Hakuna aliyenipiga. Walinipita kulia na kushoto kama maji yanavyopita jiwe. Bi Nimzungu alisimama mbele yangu kitambo, akafungua mdomo, na ile "mke mwenzangu" haikutoka. Akarekebisha leso yake akaenda zake. Ni haki yake. Nilimrudishia mumewe siku tano baada ya pilau kumwagwa.

Bi Mwanasiti nilimkuta nje kwenye bomba la maji la shule, ameegemea fimbo, kanga imelowa jasho mgongoni.

"Ulinusa mkate wake," alisema.

"Nilinusa, mama."

"Umeungua upande mmoja."

"Ndiyo."

"Lile jiko lilikuwa linamsumbua. Nilimwambia alitengeneze." Aliukaza mfereji uliokuwa ukidondoka. Kisha, "Ulijua yuko pale chini?"

"Nilijua."

Alitikisa kichwa taratibu, kama mtu anayekubaliana na bei mbaya. Nilitaka anitukane. Nilikuwa nimejitayarisha kwa matusi tangu siku ya ishirini na mbili.

"Ungeninyamazia, Nimwaka," alisema. "Ningemlaani yule mzee mpaka nife, nawe ningekuletea mkate kila Ijumaa. Ungeshindwa nini?"

Nilimwambia nisamehe, neno likatoka jembamba, halifai kitu.

Hakulipokea wala hakulikataa. Alitoa kitambaa cha Mejumaa kifuani, akajifuta uso, akakikunja akakirudisha.

"Walipotuachia twende kuswali sikwenda kuswali," alisema. "Nilikwenda geti la nne. Nikatembea kutoka pale mpaka mlangoni kwangu, natazama saa. Dakika saba, Nimwaka, si kumi na moja. Na mimi nina goti bovu."